Wenzangu Walilia, Mimi Nilifunga Kitabu

BARUA

Shangazi wa Vitabu,

Salamu nyingi kutoka hapa Jinja. Nina miaka 19, nimemaliza S6 (kidato cha sita), na ninasimamia klabu ya usomaji yenye vijana 12. Tunakutana kila baada ya wiki mbili, Jumamosi alasiri. Kitabu cha safari hii kilipigiwa kura: The Fault in Our Stars ya John Green, riwaya ya Kimarekani iliyotoka mwaka 2012 na kutengenezewa filamu 2014. Tunazo nakala mbili tu, zimezunguka mikononi hadi majalada yameachia.

Kwa ambaye hajaisoma: Hazel ana miaka 16 na saratani ya tezi ya thairoidi iliyoingia mapafuni. Kila aendako anavuta mtungi wa oksijeni. Augustus ana miaka 17, amekatwa mguu kwa saratani ya mfupa. Wanakutana kwenye kikundi cha vijana wagonjwa kanisani, wanapendana, wanakwenda Amsterdam kumtafuta mwandishi wanayemhusudu, halafu saratani ya Augustus inarudi na anafariki.

Wote walioimaliza kabla yangu waliniambia niandae leso. Mimi nimeimaliza kwa siku mbili, leso kavu. Vijana wale wanazungumza kama wahadhiri. Augustus anaweka sigara mdomoni bila kuiwasha, kisha anatueleza maana yake kama mwalimu wa fasihi. Wanabusiana ndani ya nyumba ya Anne Frank, yule msichana Myahudi aliyejificha humo wakati wa vita, sasa ni makumbusho, na wageni wanawapigia makofi. Na ugonjwa wenyewe naona unakuja pale hadithi inapouhitaji, halafu unaondoka. Nilifunga kitabu nimekasirika. Nilipolisema hilo kwenye kundi letu la WhatsApp, nikaambiwa nina moyo wa jiwe.

Mazungumzo ni Jumamosi ya wiki ijayo na mimi ndiye wa kuyaongoza. Mwenzetu mmoja, ambaye mdogo wake anatibiwa saratani hospitali ya Mulago, Kampala, ndiye anayekisifu kitabu hiki kuliko wote. Nitasemaje ninachoamini bila kumjeruhi? Ninachokiona ni kosa la kitabu au ni langu? Na la tatu, ambalo sijamwambia mtu: ninaandika hadithi ya mapenzi ya msichana mwenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Nina kurasa 40 kwenye daftari. Sasa naogopa kuzisoma, nisije nikakuta nimefanya yaleyale.

Leso Kavu, Jinja


JIBU

Binti yangu Leso Kavu,

Salamu zimefika. Moyo wako hauna jiwe lolote. Msomaji aliyekwisha kuambiwa na watu kumi kwamba atalia hukaa akilivizia chozi, na anayevizia hawezi kuzama. Hizo ni kelele zilizokitangulia kitabu. Usizipeleke kwenye mazungumzo, kwa sababu mkianza na nani alilia na nani hakulia, nusu ya kikao itakwisha mkipimana huruma na kitabu kitabaki mezani kimefungwa.

Yaliyobaki katika barua yako ni mawili, lugha ya wale vijana na ugonjwa. La kwanza ni dogo kuliko unavyodhani. La pili ni kubwa kuliko ulivyoliandika.

Hazel ndiye anayesimulia, naye ni msichana aliyetolewa shuleni kwa ugonjwa akakaa miaka nyumbani na wazazi wake na vitabu. Kwamba anazungumza kama mtu mzima aliyesoma sana, hilo lina sababu yake. Kosa, kama lipo, ni kwamba Augustus naye anazungumza kwa sauti ileile. Pima: chagua ukurasa mmoja wenye majibizano yao, mpe mtu ambaye hajaisoma riwaya ausome kwa sauti akiruka majina na maneno kama "alisema", kisha mwulize kila mara ni nani anayezungumza. Akikosea mara moja, ni kawaida. Akikosea karibu kila mstari, una hoja, na unao ukurasa wa kuwaonyesha.

Kuhusu sigara, naomba urudi kwenye tukio la kituo cha mafuta, kuelekea mwisho. Augustus ametoka peke yake usiku kwenda kununua pakiti ya sigara, kwa sababu alitaka afanye angalau jambo moja kwa mikono yake mwenyewe. Inamshinda. Hazel anamkuta ndani ya gari amejitapikia, mrija wa chakula uliopenyezwa tumboni umepata maambukizi, analia, anamsihi asiite gari la wagonjwa, naye analiita. Ile ishara aliyojidai nayo mwanzoni hana tena nguvu hata za kuinunua. Mwandishi alijua anachofanya pale. Ukiisema sigara ya mwanzo bila kuitaja ya mwisho, mtu aliyesoma kwa makini atakuangusha, na atakuwa na haki.

Sasa ugonjwa. Hapa hasira yako ina msingi, ila inahitaji ushahidi.

Hazel anasema alikutwa na saratani ya thairoidi ya hatua ya nne akiwa na miaka 13. Kwa aina za kawaida za saratani hiyo, papilari na folikula, madaktari hupanga hatua kwa kuangalia pia umri. Kijana havuki hatua ya pili hata kama imeshafika mapafuni. Mpaka wa umri ulikuwa miaka 45 riwaya ilipotoka, sasa ni 55. Sababu yake ni kwamba vijana wengi huishi miaka mingi na ugonjwa huo, kwa upasuaji na kwa kumeza aidini yenye mionzi, ambayo seli za thairoidi huinyonya popote zilipojificha mwilini. Lakini usiende ukasema hakuna kijana anayekufa nao. Riwaya yenyewe imetabarukiwa Esther Earl, msichana wa Marekani aliyefariki mwaka 2010 akiwa na miaka 16, kwa saratani hiyohiyo. Unachoweza kusema kwa haki ni kwamba ugonjwa wa Hazel ni wa nadra na riwaya haimwambii msomaji hivyo.

Dawa inayomweka hai, Phalanxifor, haipo duniani. Mwandishi mwenyewe anakiri mwishoni mwa kitabu kwamba ameibuni kwa kuwa angetamani iwepo. Kubuni si dhambi kwa mtunzi. Tazama kazi inayopewa dawa hiyo: inasimamisha saratani kwa muda wa kutosha mapenzi yatokee, na katika muda huo wote hatukai hata mara moja na mtu anayeifuata dawa, anayeilipia, au anayefika dirishani akaambiwa imekwisha.

Augustus ndiye mfano ulio wazi zaidi. Tunapokutana naye mguu umeshakatwa, nywele zimeshaota, tabasamu limesharudi. Saratani ya aina yake, osteosakoma, hupenda vijana wanaorefuka haraka, na mara nyingi huanzia karibu na goti. Huanza kama maumivu yanayozidi usiku, na kwa mvulana anayecheza mpira kila mtu husema ameumia uwanjani. Anakandwa, anafungwa bandeji, anapelekwa kwa mganga wa mifupa, wiki zinapita. Baadaye picha ya eksirei, kipande cha nyama kukatwa kwa uchunguzi, na mapafu kupigwa picha kwa sababu ndiko inakokimbilia. Kisha dripu za dawa za saratani, kwa kawaida kama wiki kumi kabla ya upasuaji na nyingine nyingi baada yake. Doksorubisini, mojawapo ya dawa hizo, ni nyekundu, na mkojo hugeuka mwekundu siku moja au mbili. Ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama, kwa hiyo muuguzi haondoi macho kwenye kanula. Sisplatini, dawa nyingine, huumiza figo, hivyo maji mengi lazima yapitishwe mwilini kabla na baada yake, na huweza kuacha masikio yakivuma maisha yote. Yote hayo yalimpata Augustus kabla ya sura ya kwanza. Mwandishi alichagua kuanza baada ya kazi.

Kiswahili kina maneno mawili yatakayokufaa hapo Jumamosi: kuugua na kuuguza. Anayeugua ni mmoja. Wanaouguza ni wengi, nao ndio wanaobeba ndoo, wanaolala chini pembeni ya kitanda wodini, wanaouza mbuzi na kuacha shamba likiota magugu. Hii ni riwaya ya kuugua. Kuuguza kumo, lakini pembeni. Mama yake Hazel yupo karibu kila mahali, na baadaye sana tunagundua kwamba amekuwa akisomea kazi ya ustawi wa jamii kwa siri, asimwonyeshe mwanawe kwamba anajiandaa kuishi bila yeye. Hiyo peke yake ni riwaya nzima, nayo imepewa kurasa chache mno. Fedha zinatajwa safari ya Amsterdam inapopangwa, kisha shirika linalotimiza matakwa ya watoto wagonjwa linalipa, na habari ya fedha inaishia hapo. Augustus anafia nje ya ukurasa, na habari inamfikia Hazel kwa simu usiku.

Usiwaambie wenzako haya kama hukumu. Wahesabishe. Kata vipande vya karatasi, kila mtu apewe sura mbili (riwaya ina sura 25, watu 12, moja itabaki kwako), na aandike herufi kila anapokutana na jambo: D kwa dawa au kifaa, P kwa pesa, M kwa muuguzaji anayefanya kazi yoyote, S kwa safari au kusubiri. Isiwe kutajwa tu, iwe kufanyika. Mama akisema "umekunywa dawa?" hiyo si M. Mama akibadilisha mtungi usiku, hiyo ni M. Kwa kuwa mna nakala mbili, pigeni picha kurasa za sura zenu kwa simu na kazi ifanyike katikati ya wiki. Mkijumlisha ubaoni mtaona wenyewe herufi ipi imejaa na ipi haina kitu, na hakuna atakayesema ni moyo wako.

Nakuonyesha kwa karibu namna kuhesabu kunavyobadili usomaji. Mtungi mdogo wa oksijeni wa kuvutwa, ule wa aina ya E, ukijaa huwa na takriban lita 680. Mgonjwa akivuta lita 2 kwa dakika, una dakika 340, yaani saa 5 na dakika 40. Akipanda ngazi na kuongeza hadi lita 4, muda unakatika nusu. Sasa soma tena Hazel anavyopanda ngazi za nyumba ya Anne Frank, ngazi nyembamba zenye mwinuko mkali na hakuna lifti. Mwandishi ameonyesha pumzi inavyomwishia, na hapo anastahili sifa. Ila muulizane: mwenye kuishi na mtungi angeacha kutazama geji? Mama yake hakuwa na hesabu hiyo kichwani tangu asubuhi?

Msomaji wa kwetu huliona pengo hili haraka kwa sababu hapa kuuguza hakuna pazia. Chakula cha mgonjwa na kufua shuka ni kazi ya ndugu. Chukua tiba ya mionzi tu. Hutolewa kidogokidogo, kwa kawaida siku 5 kwa wiki, mara nyingi kwa wiki 5 au 6. Kila kikao ni dakika chache. Kwa mtu wa Gulu, zaidi ya kilomita 300 kutoka Kampala, gharama kubwa si zile dakika, ni mahali pa kulala kwa mwezi na nusu. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi nchini iliharibika pale Mulago, na mpya ikazinduliwa Januari 2018. Mvulana na msichana waliokutana kwenye foleni ya mashine hiyo wiki ile iliyosimama wangekuwa na hadithi ya mapenzi ambayo Indianapolis, mji wa Hazel, haiwezi kuandika. Na maumivu ya mwisho, ambayo riwaya inayapitia mbali, hapa yana chupa na rangi. Morfini ya maji ya kunywa, iliyoanza kutengenezwa na Hospice Africa Uganda baada ya kuanzishwa mwaka 1993, hutiwa rangi ili nguvu zake zisichanganywe, na ya kijani ndiyo hafifu. Hunywewa kila baada ya saa 4, ya kulalia huongezwa maradufu ili mgonjwa asiamshwe usiku, na huambatana na dawa ya kulainisha choo kwa sababu morfini hufunga tumbo. Tangu 2004 wauguzi waliosomea tiba shufaa, ile ya kumtuliza mgonjwa mahututi, wanaruhusiwa kuiandika wenyewe, bila kumngoja daktari. Mtu fulani nyumbani ndiye anayeshika kikombe hicho cha kupimia. Ndiye niliyemtafuta katika riwaya hii, na nadhani nawe ulimtafuta.

Sasa mwenzako wa Mulago. Onana naye kabla ya Jumamosi, ana kwa ana, siku mbili au tatu mapema, isiwe kwa ujumbe wa simu. Mwambie mambo matatu mafupi: kwamba una malalamiko juu ya kitabu, ni tukio lipi mtasoma kwa sauti, na kwamba ana hiari ya kuchangia, kukaa kimya au kutokuja. Kisha mwulize anachokipenda ndani yake, na usijibu. Nadhani, na unaweza kukuta nimekosea, kwamba anapenda jambo ambalo hukulitaja kabisa: wagonjwa wale wanataniana, wanakasirika wakihurumiwa, wanatamani kubusiwa, na Hazel hataki kugeuzwa shujaa wa kufundishia wazima. Mtu anayeshinda wodini, ambako ndugu yake anazungumzwa juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo, anaweza kusoma utani wa Hazel kama maji baridi. Sifa zake na hasira yako huenda zimetoka kurasa tofauti, na zote zikawa sahihi.

Kosa baya kuliko yote ni kumgeuza shahidi. "Wewe ndiye unayejua, tuambie ikoje kweli." Klabu nyingi hufanya hivyo kwa nia njema. Aliyeulizwa hujikuta lazima aseme habari za mdogo wake mbele ya watu 11, au anyamaze na kuonekana anaficha. Akitaka kusema atasema. Mwanachama mwingine akimtupia swali hilo, wewe ndiye wa kulidaka: "Tumeleta kitabu leo, turudi kwenye ukurasa."

Kikao cha dakika 90 kinatosha. Anzeni na dakika 10 za kuandika kimya, kila mtu mistari mitano juu ya ukurasa mmoja uliomgusa au kumuudhi, na namba ya ukurasa iwepo. Wasioandika kwanza hufuata maoni ya anayesema kwa sauti kubwa. Halafu someni kwa sauti matukio mawili, nyumba ya Anne Frank na kituo cha mafuta, kurasa mbili kila moja na si zaidi. Ukurasa wa kawaida huchukua kama dakika mbili na nusu, kwa hiyo mkifika dakika 10 mmekwisha. Kwa kila tukio ulizeni maswali yaleyale: mwili unadai nini hapa, na nani anaulipia? Saa nzima karibu itapita hapo. Hesabu ya herufi ije baadaye, isije ikageuka hukumu kabla watu hawajasema. Maoni yako uyatoe wa mwisho, kwa dakika tatu. Msimamizi akianza, wenye aibu hufunga midomo.

Mkibakiwa na muda, jina la riwaya lina mazungumzo yake. Limetoka kwenye Julius Caesar ya Shakespeare, tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere aliitia Kiswahili. Mle Cassius anamwambia Brutus kwamba kosa limo ndani yao wenyewe, nyota hazihusiki. John Green amegeuza: wapo wenye kosa lililo nyotani kweli, hawakufanya lolote. Kwetu mgonjwa hutafutiwa kosa mara moja, la mama, la ukoo, la jirani mwenye kijicho. Vijana 12 wa Jinja wana mengi ya kusema juu ya hilo, na wala hawatahitaji kukipenda kitabu.

Nimekaa sana kwa wengine. Tuje kwenye daftari lako.

Umechagua selimundu, na kwa hadithi ya mapenzi ya Uganda huo si ugonjwa wa pembeni. Utafiti wa kitaifa uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta takriban asilimia 13 ya watoto wadogo waliopimwa wamebeba chembe yake ya urithi kutoka kwa mzazi mmoja bila kuugua, yaani AS. Kwa hiyo katika darasa la kawaida la wanafunzi 60 kuna kama wanane wasiojijua. Hapo ndipo mapenzi yako yanapoanzia. Watunzi wengi huandika kwamba wazazi wa AS wakizaa watoto wanne, mmoja ataumwa. Si kweli. Nafasi ni moja kati ya nne kwa kila mimba, upya, na familia inaweza kupata watatu wagonjwa au isipate hata mmoja. Msichana wako ni SS, mgonjwa, aliyeirithi kwa wazazi wote wawili. Mvulana akiwa AA, yaani hana chembe hiyo, watoto wao wote watabeba chembe na hakuna atakayeugua. Akiwa AS, kila mimba ni nusu kwa nusu. Kipimo kimoja cha damu kinaweza kubeba sura nzima, na kinamhusu mvulana kama kinavyomhusu yeye. Ujauzito wenyewe ni hatari kwake, na haidroksiurea, dawa ya kupunguza mashambulio, kama anaitumia, kwa kawaida huachwa kabla ya kushika mimba. Hilo nalo ni la kuamuliwa na wawili.

Usimwandikie maumivu yanayokuja kama radi kila busu linapokaribia. Yana vichochezi: baridi, kiu, homa, malaria, uchovu. Mpeleke bwenini. Kuoga maji ya baridi saa kumi na moja alfajiri msimu wa mvua ni mwanzo halali wa shambulio. Anatakiwa anywe maji mengi, kama lita 3 kwa siku, na figo zake haziwezi kukoleza mkojo kama za wengine, hivyo anatoka darasani mara kwa mara, na usiku anaweza kulowesha godoro hata akiwa na miaka 15. Mwalimu asiyejua humnyima ruhusa, msichana huacha kunywa maji ili asiaibike, na siku ya pili miguu na mgongo vinawaka. Huo ni mnyororo wa sababu, kila pete imeshikana na mwenzake, na msomaji ataufuata bila kuambiwa ahuzunike.

Mwili wake pia uuandike kwa ukweli. Chembe nyekundu za damu huishi siku 10 hadi 20 badala ya 120, ndiyo maana macho yana umanjano na damu ni pungufu. Kubalehe huchelewa mwaka au zaidi, kwa hiyo msichana wa miaka 17 anaweza kuonekana wa 14, na watu watamtazama mvulana wako kwa jicho baya. Dawa ni za kila siku: kidonge cha foliki, na haidroksiurea ikiwa ameanzishiwa, pamoja na damu kupimwa mara kwa mara kwa sababu dawa hiyo hushusha chembe nyeupe. (Mbale ilikuwa miongoni mwa vituo vinne vya Afrika vilivyoijaribu kwa watoto katika utafiti uliochapishwa 2019. Kama hadithi yako inatokea mashariki, unayo sababu nzuri ya msichana wako kuwa na kadi ya kliniki ile.) Homa ya nyuzi 38.5 ni ya kukimbilia hospitali, si ya kulalia. Kifua kikibana pamoja na kukohoa, hivyohivyo. Ukimfanya avumilie usiku kucha ili mvulana aje amkute alfajiri, msomaji mwenye ndugu wa selimundu atafunga kitabu chako kama ulivyofunga kile.

Na mpe muuguzaji jina, kazi na hasira. Nani analipia boda saa nane usiku? Nani ana ufunguo wa kabati la dawa, na siku akisafiri anamwachia nani?

Kurasa 40 si nyingi za kuogopa. Zisome kesho asubuhi na penseli, kwa herufi zilezile nne, D, P, M na S, ukiandika pambizoni. Kisha tafuta ukurasa ambao mvulana anagundua kwamba msichana ni SS. Kama hapo hakuna aliyemwuliza yeye amepimwa lini na ni nini, sura inayofuata umeipata.

Shangazi wa Vitabu